Mgongo Sio Shida ya Wazee Peke Yao

Miezi saba sasa mgongo unaniuma hapa chini, juu tu ya kiuno, na bado sijafika miaka 25. Ukisema hivyo hapa Machakos unachekwa: “Susu yako alibeba maji kwa mukwa kutoka mtoni, wewe unavunjwa na simu?” Wasee, susu pia aliumwa. Ni vile tu hakuna mtu alimuuliza.

Halafu kila mtu anageuka daktari. Lala wiki moja. Nunua mshipi wa mgongo. Meza dawa za maumivu. Lakini Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo yaliyopita miezi mitatu: linapendekeza mazoezi, na huo mshipi halipendekezi kama matibabu ya kawaida. Inaingia akilini. Mgongo unashikiliwa na misuli, na misuli ikikaa bure inadhoofika.

Susu alikuwa kwa miguu siku nzima. Mimi naediti video masaa sita nimejikunja kitandani, kisha ghafla nainua mtungi wa lita 20, yaani kilo 20. Kwa hivyo siku hizi nainuka kila nusu saa, mtungi naujaza nusu, na jioni natembea hadi bwawa la Maruba. Maumivu hayajaisha, lakini navaa viatu bila kushika ukuta.

Ila miguu ikifa ganzi, ama mkojo ukikataa kuzuilika, hapo usingoje mazoezi. Enda hospitali siku hiyo hiyo.