Kwenye Kompyuta Yangu Inaonekana Vizuri

Katika miaka yangu yote ya usanifu wa kurasa Kariakoo, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko haya: "Kaka, mbona kwenye kompyuta yangu inaonekana vizuri?" Nilianza na PageMaker, nikahamia QuarkXPress, kisha InDesign. Programu zilibadilika, wateja wakabaki na kauli ileile.

Nao hawakuwa waongo. Walichokuwa wakikiona si picha. Ukiiweka picha kwenye ukurasa, programu huonyesha nakala yake hafifu ili kompyuta isielemewe, na kukumbuka tu faili halisi limehifadhiwa wapi. Mtu akinakili ukurasa peke yake kwenye flashi na kuja nao, kiungo na faili hilo kinakatika. Ukitoa PDF hivyo hivyo, ile nakala hafifu ndiyo inayokwenda kuchapwa. Programu hutoa onyo, lakini nani husoma onyo saa tatu usiku na kazi inatakiwa asubuhi? Ndiyo maana kila kazi niliianzia kwenye orodha ya viungo, kabla hata ya kuutazama ukurasa.

Mara nyingine viungo vyote vilikuwa salama na picha bado mbovu. Mama mmoja alileta kijitabu cha jubilei ya parokia, askofu kajaa ukurasa mzima wa A4. Kwenye prufu uso ulikuwa umefifia, na kwenye ukingo wa miwani vimejitokeza vigae vidogo vidogo. Picha ilikuwa imepitia WhatsApp, ikabaki na pikseli 1600 upande wa urefu. Kwa pikseli 300 kila inchi, kiwango tulichodai kwa karatasi ya kung'aa, ukurasa ule ulihitaji kama 3500. Sisi tulikuwa na 137 kwa inchi. Wapo vijana wanaobadilisha namba hiyo kwenye Photoshop wakiamini wameongeza ubora. Wameongeza uzito wa faili tu. Dawa ilikuwa kumpigia simu mpiga picha atume faili la kamera, naye akalituma.

Malalamiko mengine hayakuhitaji dawa. Mistari myeupe, myembamba mno, hujitokeza kwenye PDF pale kivuli au kitu kingine angavu kilipopita juu ya picha. Kuza ukurasa: mstari usiponenepa, ni wa kioo cha kompyuta, hauchapwi. Wateja walinikubalia kwa shingo upande mpaka waione karatasi.

Rangi ndiyo iliyoleta ugomvi zaidi. Picha ya simu imeundwa kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ina wino wa saiani, majenta, njano na mweusi. Bluu kali ya bahari hutoka imechoka, ikielekea zambarau. Niliipenda PDF/X-1a, aina ya PDF ya uchapaji, kwa sababu hairuhusu RGB, yaani zile rangi za mwanga: rangi hugeuzwa mezani kwangu, nikiiona, mteja akiwa bado hajalipia karatasi.

Wewe unayejiandaa kupeleka kazi kiwandani, usibebe ukurasa peke yake. Tumia amri ya kufungasha, ikukusanyie picha na fonti kwenye folda moja. Ukishatoa PDF, ifungue kwenye kompyuta nyingine isiyo na picha zako, uikuze hadi asilimia 300, uanze na nyuso za watu.