Masika ya Tukuyu

Mtu akiniuliza utoto wangu Rungwe ulikuwaje, namwambia hatukujua njaa wala ukame, na bado tulikuwa maskini. Wengi hawanielewi. Wamezoea kusikia kwamba shida ya mkulima inaanzia mawinguni: mvua imechelewa, mahindi yamekauka, serikali ilete chakula. Kwetu mawingu hayakutunyima kitu. Tulichokosa ni barabara, na nitaeleza jinsi nilivyolishuhudia hilo masika ya mwaka 1984, nikiwa darasa la sita, katika kijiji cha mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Tukuyu.

Tukuyu iko kusini mwa Mlima Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000. Ukiteremka zaidi kusini unafika Kyela na Ziwa Nyasa, ambako kimo hakifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu unatoka huko ziwani, unakwea mteremko, unakutana na Rungwe, Kiejo na milima ya Ukinga, na maji yote unayaacha kwetu. Kwa mwaka zinanyesha zaidi ya milimita 2,000, wakati Dodoma hawafikishi hata 600. Mvua zinaanza Novemba, zinakolea Machi na Aprili, zinapungua Mei. Hata Juni na Julai, miezi ambayo sehemu nyingine za nchi ni vumbi tupu, sisi tulikuwa na manyunyu na ukungu hadi saa nne asubuhi. Udongo ni wa volkano, mweusi na mwepesi kwa jembe. Miti tuliyochimbia kuwa nguzo za uzio ilichipua majani.

Babu alinisimulia habari za Lwembe wa Lubaga, ambaye Wanyakyusa wa zamani walimwendea kwa ajili ya mvua, rutuba na uzazi. Mimi katika utoto wangu sikumsikia mtu akiomba mvua ije. Niliwasikia wakiomba itulie kidogo, maiti azikwe, au nguo zikauke.

Kukausha vitu ilikuwa nusu ya kazi za nyumbani. Juu ya meko kulikuwa na uchanja wa mianzi, na juu ya uchanja huo zilikaa kuni za kesho na keshokutwa, mahindi ya mbegu, na pembeni kabisa, sare zetu za shule. Bibi hakuruhusu mtu alale kabla kuni za asubuhi hazijapanda uchanjani. Ukizisahau ungeamka na kuni zinazotoa povu na moshi, na uji ungechelewa, na wote mngefika shuleni mmechelewa. Sare haikukauka kamwe kwa jua. Ilikauka kwa moshi, na darasa zima tulinuka moshi.

Mwavuli ulikuwa kitu cha mwalimu mkuu na mchungaji. Sisi tulikuwa na jani la mgomba, na jani lenyewe lina namna yake ya kuchaguliwa. Lililokomaa na kukaa juu limeshachanwa na upepo, maji yatapita. Changa mno linapinda na kukumwagia shingoni. Linalofaa ni lile lililofunguka siku chache tu, bado zima toka ncha hadi shina. Unalikata na kipande cha bua cha kushikia, unaliegemeza nyuma ya kichwa, mgongo mkubwa wa jani ukielekea nyuma ili maji yateremke mbali na visigino. Tukifika shuleni tuliyaegemeza ukutani nje ya darasa, na saa nane kila mmoja alilijua la kwake.

Chakula kilikuwapo. Nyumba zote zilikuwa ndani ya migomba, ndizi zikiwa hatua tatu kutoka mlangoni. Ndizi na maharage, ndizi na maziwa mgando, magimbi, viazi vitamu. Waliokaa juu zaidi, upande wa Isongole, walishuka na viazi mviringo. Wa Kyela walipanda na mchele na samaki, usipa wakavu na mbasa. Siku ya gulio pale Kiwira ungeona hali ya hewa tatu zimekutana mahali pamoja: mtu wa juu kavaa koti zito, mtu wa Kyela kavaa khanga moja anatetemeka, na sisi wa katikati, tumelowa.

Lakini chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari havioti shambani. Vilitaka fedha, na miaka ile hata mwenye fedha alivikosa, kwa sababu nchi nzima ilikuwa katika uhaba baada ya vita vya Kagera. Hapo ndipo ilipoingia chai. Kila familia ya jirani zetu ilikuwa na vishamba vyake vya chai vilivyokatwa vizuri kando ya migomba, na chai ndiyo iliyolipa karo na kununua bati.

Chai haimngoji mtu. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, na tangu hapo saa zinahesabiwa. Majani mabichi yakikaa yamerundikwa yanapata moto yenyewe, ukiingiza mkono katikati ya rundo unahisi joto, kisha yanageuka mekundu, na jani jekundu halipokelewi. Na masika ndiyo majira ambayo mchai unachipua kwa kasi kuliko wakati wote. Kwa hiyo mvua iliyotupa majani mengi zaidi ndiyo ileile iliyofunga njia ya kuyatolea.

Wiki ile ya Aprili akina mama walichuma Jumanne tangu alfajiri, wakiwa na magunia mabegani badala ya makoti ya mvua. Jioni walipeleka matenga kwenye banda la mizani. Karani alipima, akaandika, akasema lori la kiwanda linakuja. Halikuja. Lilikuwa limezama tope kwenye mteremko wa mto, kilomita chache kutoka kwetu. Jumatano wanaume walikwenda na majembe, matawi na mianzi kulisukuma, wakarudi giza limeingia, tope hadi kifuani, lori likiwa palepale. Mama na wenzake walikesha bandani wakigeuza majani. Kazi yenyewe ni hii: unamwaga rundo chini, unalitandaza kwa mikono lipoe, baada ya muda unalikusanya na kulitandaza tena upande mwingine, kwa sababu nafasi haitoshi. Mimi nilishika kibatari. Mikono ya mama ilikuwa imeingia weusi wa utomvu wa chai kwenye kila ufa wa vidole.

Alhamisi asubuhi karani alitia mkono katikati ya rundo, akautoa, akaunusa, kisha akasalimia kwa Kinyakyusa.

“Mugonile, akina mama. Poleni sana. Haya sitaweza kuyapokea.”

Mama akamjibu bila kupandisha sauti. “Mwanangu, ulituandikia kilo juzi. Sasa kilo zile zimekwenda wapi?”

Karani alikuwa kijana wa kijiji cha pili, mama yake naye alikuwa na matenga mle ndani. Alitazama chini. Kilo zilifutwa kitabuni kwa mstari wa wino mwekundu, familia baada ya familia, nasi tulisimama tukiangalia. Kisha majani yalibebwa, yakatupwa kwenye migomba yawe mbolea. Hakuna aliyepiga kelele. Nimeshuhudia misiba mingi tangu hapo, lakini ukimya wa wanawake wale wakibeba jasho lao kwenda kulitupa bado unaniuma.

Jioni ileile, Alhamisi ya Aprili 12, baba alizitoa betri za redio kwenye jivu la moto alikokuwa akizipasha zipate nguvu kidogo, akazirudisha, akafungua Radio Tanzania. Mwalimu Nyerere alikuwa akilitangazia taifa kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki kwa ajali ya gari, huko Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Majirani wasio na redio walijaa kwetu hadi barazani. Watu wazima walilia. Nami, katika akili yangu ya kitoto, nilibaki na jambo moja ambalo sijaliacha mpaka leo: habari imetoka mbali hivyo na kutufikia saa hiyohiyo, na lori lililokuwa bondeni lilikuwa siku ya tatu halijafika.

Babu hakushangaa. Kwake hiyo ilikuwa hadithi ya maisha yote. Wakati wa ukoloni vijana wa rika lake walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya. Wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine walichukuliwa na Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodini, hadi Afrika Kusini, mpaka baada ya uhuru serikali ilipokomesha mpango huo. Waliacha nyuma ardhi ambayo mtu wa Singida angeilia machozi. Hawakuikimbia njaa. Walikwenda kutafuta fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari, kwa kuwa mkungu wa ndizi haukuwa na njia ya kugeuka fedha. Wataalamu wameandika mengi kuhusu desturi ya zamani ya Wanyakyusa, ya vijana wa rika moja kujijengea kijiji chao mbali na baba zao. Natamani wangeandika mengi vilevile kuhusu vijiji vilivyobaki na wazee, wanawake na watoto.

Miaka miwili baada ya masika yale, mwaka 1986, Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania, vijana wa mji mdogo wenye uwanja wa matope wakiziacha nyuma Simba na Yanga. Mama, ambaye hakuwahi kuangalia mpira hata siku moja, alicheza barazani. Kwa mara ya kwanza kitu cha kwetu kilikuwa kimefika Dar es Salaam kikiwa kizima.

Baadaye lami ilipita, kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi mpaka wa Malawi. Nisifiche furaha yangu: ndizi inayokatwa kwetu mchana inapakiwa jioni, na malori yanasafiri usiku kucha. Nyumba za bati na matofali zimeongezeka kila kilima. Lakini lami ni mstari mmoja. Ukiiacha na kushika njia ya shambani, Aprili bado ni Aprili. Wakulima wengi sasa wamepanda parachichi za kuuza nje ya nchi, na parachichi, kama chai, ina saa zake: ikigongwa au ikicheleweshwa, haifai tena kusafirishwa. Mwaka jana nilikuta akina mama wawili wakizibeba kreti kichwani, wakipita taratibu kwenye mteremko uleule wa mto, pikipiki ya kukodi ikiwa imeshindwa na utelezi. Niliwapokea kreti moja. Kalvati la mteremko huo limeahidiwa katika kampeni nyingi za uchaguzi, na kila ninapokwenda nyumbani ninapita ofisi ya kijiji kuuliza limefikia wapi.