Losheni Nyepesi, Visigino Vyenye Nyufa

Umewahi kujiuliza kwa nini losheni nyingine hutoweka mkononi mara tu uipakapo, hali mafuta ya mgando hung'ang'ania ngozi hadi jioni?

Mimi nilizaliwa Kitale, nikaolewa Bungoma. Kwetu Kitale, karibu na Mlima Elgon, asubuhi za Januari huwa na baridi na upepo mkavu. Wengi huko hujipaka Arimis, mafuta ya kukamulia ng'ombe. Bungoma iko chini zaidi na ina joto. Mafuta hayo yakikutana na jasho na vumbi la stendi, utajuta.

Binti ya kaka yangu, mwanafunzi huko Kitale, aliyakataa kabisa. "Senge, hayo ni ya ng'ombe," aliniambia, akajinunulia losheni ya bei. Likizo ilipofika alikuja kwangu akichechemea, visigino vimepasuka hadi damu.

Tuliketi tukasoma lebo ya chupa. Baada ya maji tukakuta isopropili miristeti. Hii ni esta, yaani kitu kipatikanacho asidi inapoungana na alkoholi na kutoa maji, kama wanafunzi wanavyofundishwa katika kemia. Asidi yenyewe imepewa jina la kungumanga, kile kiungo cha pilau, na hupatikana pia katika mafuta ya nazi. Esta hii ni nyepesi, husambaa upesi, hulainisha ngozi na haiachi utelezi. Lakini haizuii maji ya mwilini kutoroka kama yafanyavyo mafuta ya mgando. Wepesi unaokupendeza Bungoma saa saba mchana ndio unaokuacha mkavu Kitale alfajiri.

Basi hatukuitupa losheni. Mchana aliipaka mikononi. Usiku, baada ya kuoga na ngozi ikiwa bado na unyevu, alipaka mafuta mazito visiginoni na kuvaa soksi. Kabla shule kufunguliwa, nyufa zilikuwa zimefunga.

Yapo mawili ya kuangalia. Kwanza, esta hii huweza kuwazidishia chunusi baadhi ya watu, hivyo mwenye chunusi asiikimbilie kwa uso. Pili, ina tabia ya kufungulia vitu vingine njia ya kupenya ngozini. Hata watengenezaji wa dawa za kupaka huitumia kwa kazi hiyo. Dawa nzuri itapenya, na sumu pia itapenya. Kenya imepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi, lakini krimu za kujichubua zenye vitu hivyo bado huuzwa kwa siri.

Kwa hiyo, mzazi, usimcheke binti yako anayependa losheni nyepesi, wala wewe binti usiyadharau mafuta ya nyanya. Kila kimoja kina kazi yake na majira yake. Ila chupa isiyo na lebo, au yenye lebo isiyotaja kilichomo, iache dukani hata kama inanukia vipi.