Meza Yetu Bila Bafe: Barua kwa Wifi Anayekwenda Disney

Wifi yangu mpenzi,

Tumerudi salama, watoto wameshaanza kugombania picha, na Mama hajambo kabisa. Miguu inamuuma kidogo, lakini kila anayempigia simu kutoka Tanga lazima asimuliwe habari za Florida mwanzo hadi mwisho. Uliniuliza mtakula wapi mkifika Disney, maana huko Uingereza kila mliyemuuliza amewashauri mlipie bafe kila siku ili watoto washibe na ninyi mpumue. Nilikuahidi nitakuandikia kwa kituo. Basi jibu langu ni hili: wekeni bafe moja mkitaka, au msiweke hata moja. Zipo njia nyingine za kula kule, na ndizo zilizotukalisha pamoja safari nzima.

Sisemi bafe haina faida. Mtoto mwenye kuchagua chakula atapata tambi zake, na mwenye njaa ya kweli atashiba. Tusker House, ndani ya bustani ya Animal Kingdom, Donald hupita mezani kwa watoto akiwa amevaa nguo za safari. Boma, katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge, hupika kwa viungo vya kutoka pande nyingi za Afrika. Lakini hebu tupige hesabu, wifi. Disney mtoto wa chini ya miaka 3 halipi kwenye bafe, wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto, na akitimiza 10 ni mtu mzima. Mkubwa wetu, ambaye vipande viwili vya kuku vinamtosha, analipa sawasawa na kaka yako. Mama naye, anayekula nusu sahani, analipa sawasawa na kaka yako. Juu yake kuna kodi, na kundi likifika watu sita bakshishi ya asilimia 18 huongezwa papo hapo kwenye bili. Ninyi ni sita. Bafe huhesabu vichwa, haihesabu matumbo.

Na kuna hasara isiyoandikwa kwenye bili. Kwenye bafe watu hawakai. Huyu kaenda kuchukua saladi, yule karudi na viazi, baba yao kasimama foleni ya nyama, mdogo anataka kusindikizwa kwenye keki. Mtu mzima wa makamo ya Mama anabaki peke yake akilinda mikoba. Kutwa mnatembea juani na kupanga foleni za michezo. Saa ya chakula ndiyo pekee mnayoweza kutazamana usoni. Mimi naona hiyo ndiyo ya kuilinda kuliko kitu chochote.

Sasa nikupe mahali pa kwanza, napo ni Sanaa. Mgahawa huu uko Kidani Village, upande wa Animal Kingdom Lodge uliofunguliwa 2009. Si lazima ulale hapo ili ule hapo. Weka nafasi tu. Nenda mchana, wala usikubali kupangiwa usiku, kwa sababu madirisha yake makubwa yanatazama mbuga, na twiga na pundamilia hupita nje wakila majani huku nanyi mnakula. Mapishi yake yamechanganya Afrika na Bara Hindi, kwa hiyo ulimi wa mtu wa pwani haupati ugeni wowote. Agizeni kwanza ile mikate yao. Inakuja mitano ya aina mbalimbali, naan ya kitunguu saumu na tangawizi, mkate wa vitunguu, paratha yenye jibini ndani, na ukitaka unaletewa vitoweleo vyote tisa: chatini ya ukwaju, ya embe, ya kotmiri, mtindi wa matango, achari ya kitunguu saumu, pilipili, na vinginevyo. Vinawekwa katikati ya meza na kila mkono unafika, kama tunavyokula sinia la pilau siku ya Idi. Mama alimega, akachovya kwenye ukwaju, akamwambia mkubwa wetu aonje ile ya embe. Hakuna aliyenyanyuka. Baada ya hapo tuliagiza vyakula viwili vya sahani kwa meza nzima na vikatosha, bili ikawa nafuu kuliko bafe ingekuwa.

Jirani yake, ndani ya Animal Kingdom yenyewe, mtakuta kijiji kinachoitwa Harambe. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, waliichukua Lamu kuwa mfano wao, na bustani ilipofunguliwa Aprili 1998 kijiji kilikuwa tayari kimechakazwa kwa makusudi, plasta imebanduka na rangi imepauka, ili kionekane kimeliwa na chumvi ya bahari. Mama alipita akisoma mabango ya Kiswahili moja moja kwa sauti, watoto wa Kimarekani wakimfuata kumsikiliza. Watu wengi huingia moja kwa moja bafe ya Tusker House. Ninyi piteni, nendeni Harambe Market, soko la vibanda lililofunguliwa 2015. Mnaagiza kabla kwa programu ya simu, mnachukua bakuli zenu za wali na nyama dirishani, mnakaa kwenye meza za nje chini ya paa. Ukitaka cha kupoza koo, Tamu Tamu iko hatua chache, na aiskrimu yake laini ya nanasi ndiyo watoto waliyoiomba kila tulipopita. Upande wa Pandora, eneo jingine la bustani hiyohiyo, kuna Satu'li Canteen, ya tangu 2017, ambapo kila mtu anachagua mwenyewe kitu cha chini kwenye bakuli, nyama au tofu, na mchuzi wa juu. Kwa watoto wanaochagua chakula hiyo inazidi bafe, kwani mtoto anapata alichotaka na mzazi halipii alichokiacha.

Bustani ya EPCOT ndiyo itakayowafurahisha zaidi, wifi, kwa sababu pale hamhitaji hata mgahawa mmoja. Kuna ziwa, na kulizunguka kuna nchi 11 zimejengwa moja baada ya nyingine, kuanzia Mexico hadi Canada. Mzunguko mzima ni kama kilomita mbili. Tulifanya hivi: tukaamua kila nchi tutakayosimama tutagawana kitu kimoja. Norwe tulinunua mkate wao mtamu wenye krimu ya mayai na nazi juu, pale Kringla. Ujerumani tulipita ile bafe yao ya Biergarten, tukachukua bisi za karameli zinazotengenezwa mbele ya macho yenu. Japani kuna Katsura Grill, juu kidogo, pamezungukwa na bustani na maji yanayotiririka. Tulikula udoni na wali wa mchuzi wa kari, Mama akapumzisha miguu bila mtu kumhimiza. Ufaransa kuna duka la mikate, Les Halles, nyuma kabisa. Baguette yake inatosha watu wawili. Morocco tulikaa Spice Road Table, ukingoni mwa ziwa, tukagawana vijisahani. Simama pia utazame vigae vya Morocco: Mfalme Hassan II alituma mafundi kutoka kwake waje kuvipanga kwa mikono, na banda hilo likafunguliwa 1984. Kumbuka tu kwamba nchi nyingi hufungua saa tano asubuhi, kwa hiyo anzeni upande wa mbele wa bustani kwa michezo, kisha mwende kula.

Magic Kingdom, ile ya kasri, ndiyo yenye watu wengi mno, na ndipo utakapovutiwa kukimbilia bafe ili mpate kiyoyozi. Badala yake nendeni Columbia Harbour House. Ni mahali pa samaki, mnaagiza kwa simu, halafu mnapanda ngazi. Wengi hawajui kuwa juu kuna vyumba, na kimoja kinapita juu ya njia, kwa hiyo mnaona umati chini yenu nanyi mmetulia kwenye baridi. Tulikaa mpaka mvua ya alasiri ikaisha, maana kiangazi Florida hunyesha mchana na radi juu yake.

Najua watoto wako watasema bafe ndiyo yenye Mickey. Waambie Mickey anapatikana bila sahani: pale Magic Kingdom, mara tu mkiingia, ana ukumbi wake wa Town Square anakopokea wageni na kupiga nao picha, na foleni yake ni ya kawaida. Kama lazima akutane nao mezani, weka kifunguakinywa cha Topolino's Terrace, juu kabisa ya hoteli ya Riviera iliyofunguliwa Desemba 2019. Bei ni ya kichwa kama bafe, lakini kila mtu anaagiza sahani yake na inaletwa alipokaa, huku Mickey, Minnie, Donald na Daisy wakipita. Mnaweza kufika pale kwa yale magari ya kamba yapitayo angani kutoka EPCOT, bure, na watoto watahesabu hiyo kuwa mchezo mwingine.

Sasa la nyumbani. Sisi tulikodi nyumba Kissimmee yenye jiko, na huo ndio uamuzi ulioibeba safari. Wapuerto Rico ni wengi sana mji ule, kwa hiyo madukani utakuta ndizi za kupika, mihogo iliyokwishamenywa, maharage ya kila rangi na tui la kopo. Usiku Mama alisonga ugali mara moja, siku nyingine tukapika wali wa nazi na maharage. Asubuhi nilikunja mayai ndani ya chapati, nikafunga kwenye karatasi, nikatia mkobani na matunda. Disney wanaruhusu mwingie na chakula chenu na vinywaji visivyo na kileo. Kinachokatazwa ni chupa za kioo na masanduku makubwa ya barafu. Na maji usinunue. Kila mgahawa wa haraka unaouza soda za mashine utakupa bilauri ya maji yenye barafu bure ukiomba, na kwa joto la kule mtaomba mara nyingi.

Kuhusu halali, jambo hili lichukue kwa uzito. Unapoweka nafasi andika mahitaji yenu, na mkifika mwambie mhudumu unataka kuzungumza na mpishi. Wapishi wa kule wamezoea kutoka jikoni na kueleza kilichomo. Tangu 2019 menyu zao zina alama ya jani kwa vyakula visivyo na nyama, maziwa, mayai wala asali, na sisi tuliegemea hivyo pamoja na samaki. Jihadhari na vile vitamutamu vya Animal Kingdom Lodge viitwavyo Zebra Domes, vyenye mistari kama ya pundamilia. Watoto watavitaka kwa kuvitazama tu, lakini mapishi yake yana kileo cha Amarula. Uliza kabla ya kutia sahanini.

Mwisho, mambo ya kupanga. Nafasi za mezani hufunguliwa siku 60 kabla, na Sanaa mchana huwahiwa. Amka mapema siku hiyo uingie kwenye programu yao ya simu. Migahawa ya haraka haihitaji nafasi. Agiza asubuhi, chagua saa ya kuchukua, na uchague saa tano au saa tisa, si saa saba ambapo kila mtu ana njaa. Kaka yako alisisitiza nikuambie pia kuhusu ule mpango wa kulipia milo kabla, uliorudishwa Januari 2024. Mawakala wa Uingereza mara nyingine huutoa bure pamoja na hoteli. Ukiupata bure, upokee. Ila mwenye mpango huo hushawishika kutumia kila nafasi kwenye bafe ili aone amefaidi. Usishawishike. Sanaa huchukua nafasi moja tu ya mezani, sawa na bafe.

Kwa hiyo wifi, panga hivi: asubuhi mle nyumbani, mchana mle kidogo kidogo mkigawana, na mara moja au mbili mkae mezani kwelikweli mahali penye kitu cha kutazama. Fedha itakayobaki muiweke kwa siku moja zaidi, au mnunulie Mama tiketi aje kwenu Desemba, maana ameshaanza kuuliza. Nipigie Jumamosi jioni tukae pamoja kwenye simu tutafute tarehe ya Sanaa. Mimi nimeshajua wapi pa kubonyeza.

Shemeji na watoto wote wape salamu. Mama anasema msisahau kofia.

Wako akupendaye,
Wifi yako