Rangi ya Meno na Maji ya Kisimani

Katika Bonde la Ufa, tangu Naivasha hata Elementaita na Nakuru, wako watu wengi, wake kwa waume, ambao hufunika kinywa kwa mkono wanapocheka. Mgeni asiyejua huidhani desturi hiyo kuwa ni haya tu. Walakini sababu yake ni nyingine. Meno yao yana rangi ya kahawia, na mengine yana mabaka meupe kama chokaa, nao wamechoka kuulizwa kama wanavuta tumbaku, au kama nyumbani kwao hapakuwa na mswaki. Kijana aliyesoma vizuri akaenda Nairobi kutafuta kazi ya ukarani hujikuta akijibu maswali kwa midomo iliyofumbwa nusu, na mwenye kumwuliza humdhania kuwa mtu wa kiburi au mwenye kuficha jambo.

Si ajabu, basi, kwamba mtu wa namna hiyo anapoona tangazo la kung'arisha meno huliamini upesi. Matangazo hayo yamejaa siku hizi, madukani na katika simu za mkononi. Mtu hutoa akiba yake, hupakwa dawa, huvumilia maumivu, na baada ya siku chache hujitazama katika kioo akaona doa li pale pale. Kosa si la kioo. Ni kwamba dawa ilinunuliwa kabla ya ugonjwa kujulikana.

Jambo la kwanza lipasalo kufahamika ni kwamba jino halikuumbwa jeupe kama karatasi. Jino lina gamba la nje, gumu kuliko mfupa, nalo hupenya mwanga kidogo. Ndani ya gamba hilo mna sehemu nyingine yenye rangi ya manjano. Kadiri mtu anavyoendelea kuwa na umri, gamba la nje hulika na ile manjano ya ndani huonekana zaidi. Kwa hiyo meno ya mzee yaliyogeuka kuwa manjano kidogo si machafu wala si mabovu. Ni umri tu, kama mvi.

Jambo la pili ni kwamba madoa ni ya namna mbili: yale yaliyoshika juu ya jino, na yale yaliyo ndani yake. Ya juu huletwa na chai, kahawa, tumbaku, ugoro, miraa na tambuu, pamoja na ukoga unaoachwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Hayo aghalabu huondoka kwa kusafishwa vizuri na daktari wa meno, tena bila dawa yoyote ya kung'arisha. Ya ndani yana asili nyingi. Jino lililopigwa na mpira au kugongwa katika ajali laweza kufa mshipa wake, likageuka kijivu peke yake kati ya wenzake. Mtoto aliyepewa dawa iitwayo tetrasaiklini wakati meno yake yalipokuwa bado yakijengeka aweza kuota meno yenye mistari ya kijivu au ya kahawia. Doa jeusi laweza kuwa mwanzo wa tundu la jino linalooza. Na mwenye kupaka dawa kali juu ya tundu kama hilo hujitafutia maumivu makubwa.

Lakini yale meno ya Bonde la Ufa yana habari yake, na habari hiyo ilianza kueleweka mbali sana na Afrika. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika kufanya kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akaona kwamba wazaliwa wa mji ule wana madoa ya kahawia ambayo hakuwahi kuyasoma katika kitabu chochote. Akauliza sababu. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna jibu lililomtosha. McKay alitambua jambo moja: waliozaliwa pale walikuwa na madoa, bali waliohamia wakiwa watu wazima hawakuyapata. Akaanza kuyatilia shaka maji.

Mwaka 1923 aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi wa huko walisema kwamba meno ya watoto wao yalianza kuota na madoa baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi yenye maji ya vuguvugu. McKay aliyapima maji yale asione kitu, lakini aliwashauri waiache chemchemi hiyo na kutumia nyingine. Walimsikiliza. Baada ya miaka michache watoto wadogo wakaanza kuota meno safi, na hali ndugu zao wakubwa walibaki na madoa yao. Ilikuwa mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill, aliyefanya kazi katika kampuni ya aluminiamu, alipoyapima kwa njia mpya maji ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yale yale, akakuta madini ya floridi kwa wingi. Maji ya miji mingine yenye madoa yalipopimwa, yakaonyesha kitu kile kile.

Floridi hutoka katika mawe. Bonde la Ufa lilijengwa kwa mawe na majivu ya volkeno, na maji yanayokaa chini ya ardhi kwa muda mrefu huyayeyusha madini hayo kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita 1. Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa, na hata vingine vya Nairobi na Kiambu, vimepita kiasi hicho. Kadhalika Tanzania, kandokando ya Mlima Meru upande wa Arusha. Na huko magadi yanayotiwa katika maharagwe na makande ili yaive upesi huongeza floridi nyingine juu ya ile iliyomo majini.

Madhara haya huingia kwa mlango mmoja tu, nao ni utoto. Gamba la meno ya mbele hujengeka katika miaka ya kwanza ya mtoto, yakiwa bado yamefichwa ndani ya ufizi. Floridi ikizidi wakati huo, gamba halikomai sawasawa. Hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na weupe wa chokaa, kisha vile vitundu hunywa rangi, na kahawia huja baadaye. Ndiyo maana ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waweza kutofautiana: aliyelelewa kwa nyanya yake kwenye maji ya mto akawa na meno meupe, na aliyelelewa kwenye maji ya kisima akawa na ya kahawia, na hali wote wawili walitumia mswaki sawasawa.

Mtu akijua hayo, atafahamu kwa nini dawa ya kung'arisha humdanganya. Dawa hiyo, ambayo kwa kawaida ni peroksidi, huifanyia kazi rangi. Haiwezi kulijenga upya gamba lililoharibika. Kwa mwenye madoa mepesi yaweza kusaidia kiasi, lakini pengine mabaka meupe huonekana wazi kuliko kwanza. Kwa mwenye madoa mazito haifai kitu ikitumiwa peke yake. Daktari wa meno anazo njia nyingine: kukwangua tabaka jembamba sana la juu, kujaza sehemu zilizomomonyoka, au kulifunika jino kwa gamba la kutengenezwa. Na ajuaye kwamba ana jino la bandia au lililozibwa yafaa akumbuke kwamba hilo halibadiliki rangi kwa dawa. Yale mengine yakiwa meupe, lenyewe litabaki kama mgeni. Ama kusugua kwa mchanga, jivu, mkaa au maji ya limau, huko ni kuliondoa gamba ambalo halitaota tena.

Kwa mtu mzima, basi, jambo la kwanza ni kwenda kwa daktari aambiwe doa lake ni la namna gani. Kwa mtoto mdogo kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu bado yaweza kuzuiwa. Yapasa maji ya kisima yapimwe. Kuyachemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki, ikawa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati safi hayana floridi ya kudhuru. Mwenye tangi dogo tu aweza kuyaweka maji hayo kwa kunywa na kupika kwa ajili ya watoto, yakisha kutibiwa ili kuua vijidudu, na maji ya kisima yakatumika kwa kufua na kuoga. Ziko pia chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambazo hunasa floridi. Lakini mkaa huo huchoka, nao lazima ubadilishwe. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji ya kisima.

Haifai mtu yeyote, kwa kuogopa, atupe dawa ya meno yenye floridi. Floridi ni kama chumvi katika mchuzi: kidogo huyalinda meno yasioze, nyingi huharibu. Mtoto aliyetimiza miaka 3 atiwe dawa kiasi cha punje ya njegere, na aliye mdogo zaidi kiasi cha punje ya mchele. Tena afundishwe kutema. Wala wazazi wasidhani kwamba jambo hili ni la uzuri tu, maana mwenye kunywa floridi nyingi mno kwa miaka mingi aweza kudhurika hata mifupa na viungo.

Mwalimu anayemwona mtoto mwenye meno ya kahawia asimrudishe nyumbani kwa uchafu, na mwajiri asimpime karani kwa kinywa chake. Alama ile haisemi lolote juu ya usafi wa mtu. Yasema ni maji gani aliyopewa alipokuwa hawezi kuchagua. Yeye hana lawama. Lakini mzazi aliyekwisha kuijua habari hii, naye ana mtoto anyonyaye na kisima kisichopimwa, asingoje mpaka meno yaote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii hujengwa kwa gharama kubwa, jino baada ya jino.