Alijibu Kabla ya Saa Mbili

Kuna sentensi ambayo sisi waandishi wa habari wa Dar es Salaam huiandika karibu tukiwa usingizini: hadi tunakwenda mitamboni, hakuwa amejibu. Mwaka juzi niliiandika kuhusu meneja wa mradi mmoja wa maji. Asubuhi yake, gazeti likiwa tayari mezani kwa bosi wake, akanipigia.

"Dada, mimi nilikujibu."

Sikumwamini, nakiri. Wote husema hivyo. Lakini barua pepe yake ilikuwepo, imeingia saa 3:52 usiku, na sisi tulifunga ukurasa saa 2. Nikaenda kwa fundi wetu wa mitandao nikitaka ushahidi wa uongo wa mtu. Kijana akafungua ile mistari ya juu ya barua ambayo kwa kawaida hufichwa.

"Soma kuanzia chini, dada. Kila seva inayoipokea hugonga muhuri wake juu ya muhuri wa mwenzake."

Shahada yangu ni ya fasihi, na hakuna aliyewahi kunifundisha kusoma hivyo. Seva yao: 17:40. Seva yetu: 17:40, sekunde chache baadaye. Muhuri wa juu kabisa: 21:52. Barua ilikaa saa nne na ushei ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Seva yetu inatumia Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998. Kwenye rekodi zake huandika muda wa kila barua kwa namba nne: kabla ya foleni, ndani ya foleni, kufungua mawasiliano, kukabidhi. Foleni ilikula sekunde 15,079. Kukabidhi, 41. Mimi nikarukia ile kubwa. Yeye akaweka kidole kwenye 41.

"Mwizi ni huyu. Foleni ni matokeo tu."

Barua ilikuwa inakabidhiwa kwa kichujio, programu inayopekua kila kitu kutafuta virusi na barua taka. Kilipokea barua mbili tu kwa mpigo. Mbili kwa sekunde 41 hazifiki 180 kwa saa, na jioni chumba cha habari hupokea zaidi ya hapo: picha, taarifa za mikutano, mialiko ya semina zisizoisha. Nikauliza kwa nini tusikiongezee nafasi. Akasema zingekula memori ya mashine, na kila barua ingesubiri vilevile.

Kwa nini 41, basi? Kichujio kiliwekwa kiulize orodha za nje za watumaji wa barua taka, na orodha moja ilishakufa kitambo. Haisemi ndiyo, haisemi hapana. Kichujio kinangoja mpaka muda wake uishe, kisha kinaendelea na barua inayofuata, nako kinauliza tena palepale. Aliyekuwa hajibu alikuwa huyo.

Akaifuta ile orodha, akakiwasha kichujio upya. 41 ikawa 2. Barua zilizokuwa zimejazana tangu asubuhi zikaisha nikiwa bado nimesimama nyuma ya kiti chake.

Marekebisho yalitoka kesho yake ukurasa wa pili, mistari minne, chini ya tangazo la viwanja. Nilimpigia meneja nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akauliza kama na ile barua ya kujieleza aliyoandikiwa na bosi wake itarekebishwa.