Mfuko wa Mchanga Chini ya Kitanda

Wodi ya mifupa ya wanaume tuliiita Gereji. Jina nililikuta, sijui nani alilianzisha, ila lilistahili: karibu kila aliyelala humo aliletwa na barabara. Madereva, utingo, abiria wa mabasi, na mpanda baiskeli mmoja aliyegongwa na trekta. Waliobaki walikuwa wameanguka kutoka juu ya kitu, kama yule mzee wa Pawaga aliyedondoka mtini akirina asali. Ilikuwa mwaka 1984, katika hospitali moja ya serikali huko Nyanda za Juu Kusini. Jina lake naliacha, maana upungufu nitakaousimulia ulikuwa wa hospitali nyingi za wakati ule.

Mimi nilikuwa utingo. Tulibeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam kwa Fiati kuukuu, na kwenye mteremko wa Kitonga, mvua ya Machi ikinyesha, breki ziliisha. Dereva aliamua kulibamiza gari kwenye ukingo wa mlima badala ya kuliacha litumbukie bondeni, na mpaka leo namshukuru kwa uamuzi ule. Mbao zikaja mbele. Moja ilitua juu ya paja langu la kulia, na nilipotazama, mguu ulikuwa unaangalia upande ambao mimi siuangalii.

Aliyeniokoa hapo barabarani alikuwa kijana aliyewahi kuwa jeshini na kupigana vita vya Kagera. Alizuia watu wasininyanyue hovyo. Alichukua ubao mmoja kati ya zile zilizonivunja, akaulaza ubavuni kwangu kutoka kwapani hadi kisiginoni, akaufunga na mguu kwa vipande vya kitenge alivyoomba kwa abiria wa basi lililosimama. Paja likivunjika, damu nyingi humwagikia ndani kwa ndani bila mtu kuona hata tone nje, na kila mguu unapotikiswa hali huzidi kuwa mbaya. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ubao ulipokazwa, niliacha kupiga kelele.

Hospitalini walinivalisha kwanza banzi la chuma lenye duara kubwa linalokaa kwenye kinena. Kesho yake alikuja daktari msaidizi, kwani bingwa wa mifupa hatukuwa naye, akiwa na sista na keekee. Keekee hasa, ya kuzungushwa kwa mkono, iliyotoka kuchemshwa na bado ina joto. Alinichoma ganzi pande zote mbili za mguu, chini kidogo ya goti, akaniambia nimtazame sista usoni. Ngozi haikusikia kitu. Mfupa ni habari nyingine: haukuuma sana, lakini mtetemo ulipanda hadi kwenye magego. Nikaiba jicho kutazama chini, nikaona ncha ya chuma inatokea upande wa pili, inainua ngozi kabla ya kuitoboa. Sista akanishika kidevu akanigeuza. "Nimekwambia nitazame mimi, mwanangu."

Kwenye chuma kile kilichopita mguuni kama mshikaki wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na chini yake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga. Mawe rasmi ya kupimia hayakutosha wodi nzima, hivyo mchanga ulipimwa kwenye mizani ya kliniki ya watoto: kilo tisa. Kitanda upande wa miguuni kikainuliwa kwa matofali ili uzito wa mwili wangu uvute upande wa pili. Misuli ya paja ina nguvu sana. Mfupa ukikatika, misuli huzivuta ncha zake zikapishana, na mguu hufupika. Mchanga ulikuwa pale kubishana na misuli, usiku na mchana, mpaka ichoke.

Nilimuuliza yule daktari msaidizi kwa nini asinipasue aniwekee chuma ndani, maana dereva mmoja pale wodini alidai kaona hivyo kwa mtu aliyetibiwa Nairobi. Hakukasirika. "Nikikufungua hapa," alisema, "mfupa nitauunga vizuri, na wadudu wataingia vizuri zaidi." Maji yalikatika mara kwa mara na glovu zilifuliwa zikaanikwa. Ufundi wa kuingiza fito la chuma ndani ya mfupa wa paja ulianzishwa na Gerhard Küntscher huko Ujerumani karibu na mwaka 1940, kwa hiyo ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini siku nilipotobolewa mimi. Ukosefu wa elimu haukuwa tatizo. Mfupa ukiingia usaha unaweza kukutesa maisha yako yote, na mtu mwenye akili asiye na chumba safi cha upasuaji huchagua mchanga. Nimesikia watu wakiicheka tiba ile kama ushamba. Mimi naiheshimu.

Lakini mchanga hauuguzi mtu. Aliyelala chali wiki baada ya wiki anaoza mgongo, na aliyenifundisha hilo alikuwa mhudumu, mama wa makamo ambaye kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kudeki na kumwaga vyombo vya haja. Juu ya kitanda palifungwa kamba. "Jivute, baba," alikuwa akisema kila anapopita na ndoo yake, na asingeondoka mpaka aone makalio yameachana na godoro. Kila asubuhi alinisugua kiunoni na visiginoni kwa spiriti ilipokuwapo, kwa maji na sabuni isipokuwapo. Pale chuma kilipoingia na kutokea alitazama kama pamevimba au pametoa maji, akanusa. Ndiyo, alinusa. Usaha, alisema, hutangulia kwa harufu.

Sabuni ililetwa na mgonjwa. Shuka pia, na ndoo, na kijiko. Chakula cha hospitali kilikuwa ugali wa unga wa njano, ule wa msaada watu waliouita Yanga, na maharage yaliyohesabika. Kwa hiyo kila kitanda kilikuwa na mtu wake wa kukiuguza, na kwangu alikuwa mama. Alifika baada ya habari kumfikia kijijini, na kichwani alikuwa na gunia la unga, sufuria na mkeka. Mahindi yake ameyaacha yametoa mbelewele. Baba alikwishafariki, wadogo zangu aliwaacha kwa bibi. Alilala chini ya kitanda changu, kando ya ule mfuko wa mchanga, na alfajiri alikwenda kupanga foleni kwenye mafiga yaliyokuwa nyuma ya jengo, ambako wanawake wa makabila yote ya mkoa walipika, wakaazimana chumvi na kuambiana nani kafa usiku.

Kitanda cha tatu kutoka kwangu alikuwapo dereva wa Zambia, aliyevunjika nyonga. Barabara ile inakwenda mpaka kwao, lakini ndugu hawakuwa wakija kwa barabara. Kabla mama hajafika, Mzambia alikuwa ameshapata kidonda juu ya tako, kinaingia ngumi ya mtoto. Mama hakujua Kibemba, naye hakujua Kihehe, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Alimgeuza tu. Alipika sufuria moja, akapakua sahani mbili. Mwenye gari alipokuja hatimaye kumchukua, kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama nyekundu, na yule bwana alimwachia mama blanketi lake. Sijui kama alifika akapona.

Katikati ya kipindi hicho akaja mjomba. Alikuja na vijana wawili na machela ya miti, kanitafutia fundi wa kuunga mifupa kijijini kwao, mzee mwenye sifa, ambaye humvunja kuku mguu akamfunga pamoja na mgonjwa. Kuku akitembea, mgonjwa naye afunguliwe. Sisemi hayo kwa dharau. Kwa mkono uliovunjika bila kidonda, wazee wale wamewasaidia watu wengi. Sista alimwamkia mjomba kwa adabu zote, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mzee, kabla hamjaondoka, hebu inua huo mfuko kidogo. Kidogo tu."

Mjomba akainama, akaunyanyua. Misuli ya paja ikarudi ghafla kama iliyokuwa ikisubiri ruhusa, na mimi nikalia kwa sauti ambayo mzee wa Pawaga alinitania nayo mpaka anaruhusiwa. Mjomba akaushusha haraka.

"Sasa nikimtoa hapa, njia nzima itakuwa hivi?"

"Njia nzima, mzee."

Alikaa kwenye machela yake mwenyewe, akauliza sigara zinauzwa wapi.

Redio wodini ilikuwa moja, National ya mzee aliyevunjika miguu yote miwili, na betri tulichangishana. Jioni ya tarehe 12 Aprili Radio Tanzania ilibadilika, ikapiga muziki wa maombolezo, kisha ikaja sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine amefariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka bungeni Dodoma. Wanaume waliolala pale, karibu wote wenye mifupa iliyovunjwa na magari, walinyamaza. Dereva mmoja akaanza kuuliza gari lilikuwa la aina gani, liligongana na nini, mwendo gani. Wenzake wakamwambia anyamaze, naye akalia. Mama alikaa sakafuni, akajifunika kanga usoni. Mwaka uliotangulia, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, bidhaa zilizofichwa zilitolewa maghalani, na kwa muda mfupi sabuni ilionekana madukani. Kwa mama, siasa yote ya Sokoine ilikuwa kipande kile cha sabuni. "Huyu ndiye aliyetutafutia sabuni," alisema. Kesho yake aliosha mguu wangu kwa kipande kidogo kuliko siku zote.

Chuma kilitolewa baridi ya Juni ilipokwisha kukolea. Mfupa uliunga, umepinda kidogo, na mguu wa kulia ni mfupi kwa upana wa kidole gumba. Fundi viatu huniongezea soli. Kilichobaki kunisumbua ni goti. Mhudumu alinikalisha ukingoni mwa kitanda, akaniagiza nibembee mguu kila siku, nami nilibembea huku nikimlaani. Goti likakubali kukunja nusu. Kanisani sipigi magoti, na choo cha kuchuchumaa ni vita ambayo sitaieleza hapa.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu alivunjika paja hilohilo, la kulia, kwa bodaboda. Walimwingiza chumba cha upasuaji, wakampitishia fito ndani ya mfupa, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amesimama kwa magongo, analalamika kwamba wodini simu haishiki vizuri mtandao. Nilifurahi mpaka nikajificha. Bili ilipokuja, tulichanga ukoo mzima, na vijana wakaanza kusema enzi za Mwalimu matibabu yalikuwa bure, mpaka mwaka 1993 serikali ilipoleta utaratibu wa kuchangia gharama. Ni kweli. Kwenye dirisha la hospitali sikutoa hata senti, na katika nchi iliyokuwa haina fedha ya kununulia bandeji hilo lilikuwa jambo kubwa. Nisingelipewa kitanda kingine popote.

Ila ukikutana na mzee wa rika langu anayekwambia alitibiwa bure, muulize nani alikuwa analala chini ya kitanda chake, na shamba la mtu huyo lilitoa magunia mangapi mwaka ule. La mama yangu lilikosa mlinzi. Ngedere na nguruwe pori walivuna lote.